Mtoto Kaumia, Mlipuko Umetanda: Mwongozo Kamili kwa Wazazi wa Mtwara na Lindi

Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa nchini Tanzania, watoto wa Kusini walirudi mitaani na kufanya kile anachofanya mtoto yeyote asiye na shule: kupanda miti, kukimbiza matairi, kuchokonoa moto. Shule za msingi hazikufunguliwa tena hadi 29 Juni. Majeraha yaliendelea kama kawaida. Waliobadilika ni wazazi, maana wengi wetu tuliiogopa foleni ya hospitali kuliko kidonda chenyewe.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi, siibezi. Ila pepopunda haisubiri mlipuko upite, na mfupa uliovunjika unaanza kuunga hata ukiwa umepinda. Kwa hiyo hapa sibishani kama umpeleke mtoto au usimpeleke. Ninachotaka kueleza ni uende mlango gani, saa ngapi, na nani, ukiwa umebeba nini, ili utibiwe na utoke mapema.

Nimeandika nikifikiria ugonjwa wa kuambukiza kwa hewa, kama Uviko-19. Kama kilichoingia ni kipindupindu, barakoa haitakusaidia. Nguvu zako zipeleke kwenye mikono, maji na chochote mtoto anachotia mdomoni akiwa kituoni.

Kwanza: zuia damu, kisha osha

Nawa mikono. Chukua kitambaa safi, weka juu ya kidonda, bonyeza kwa kiganja dakika 10 kwa kutazama saa, bila kuchungulia. Kila ukichungulia unabandua damu iliyoanza kuganda, halafu unaanza upya. Kitambaa kikiloa, ongeza kingine juu yake. Cha kwanza usikitoe.

Damu ikitulia, osha kwa maji safi yanayotiririka, na sabuni kuzunguka kidonda. Maji mnayokunywa nyumbani yanafaa. Hapa ndipo kibuyu chirizi tulichotundika mlangoni kwa ajili ya corona kinapopata kazi ya pili: kinatoa mkondo mwembamba wa kusukuma mchanga nje bila kumaliza ndoo. Nalisema hili kwa ajili ya ndugu zetu wa Newala na Tandahimba, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya kununua na mtu akiambiwa "osha dakika 15" anakata tamaa kabla hajaanza. Fanya hesabu. Ndoo ya lita 20, ikitoka lita moja na kidogo kwa dakika, inamaliza robo saa nzima. Huna kibuyu? Toboa kizibo cha chupa ya maji kwa msumari, jaza, minya.

Usitie majivu, unga wa kahawa, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Na usimwagie kitakasa mikono. Wakati wa mlipuko kipo kila kona, na mzazi aliyechanganyikiwa hukiona kama dawa. Kile ni cha ngozi nzima. Ndani ya kidonda kinaunguza nyama, na mtoto hatakubali umguse tena siku hiyo. Kikimrukia jichoni, mwoshe jicho kwa maji mengi dakika 15, halafu mpeleke.

Pili: amua jeraha liko fungu gani

Kuna majeraha ambayo hata karantini ya mji mzima haipaswi kuyazuia. Mtoto aliyegonga kichwa kisha akapoteza fahamu hata kidogo, anatapika mara kwa mara, ana degedege, anatokwa majimaji au damu puani au masikioni, au ana usingizi usio wa kawaida, huyo anaondoka sasa hivi. Vivyo hivyo damu isiyokoma baada ya kubonyezwa vizuri mara mbili, kiungo kilichopinda au vidole vilivyopoa na kufa ganzi, kitu kilichochoma jicho, kifua au tumbo, na kuungua usoni, viganjani, sehemu za siri au kwenye maungio. Kuumwa na mbwa nako kumo, hata kama alama ni ndogo.

Fungu la pili ni la kwenda zahanati siku hiyohiyo: mkato unaofunuka mdomo ukiusogeza, msumari uliopenya unyayo, kidonda chenye mchanga usiotoka, mkono uliovimba ambao mtoto hataki kuutumia, malengelenge makubwa kuliko kiganja chake. Kushona kuna saa zake. Saa 6 hadi 8 za mwanzo ndizo nzuri. Usoni mtabibu anaweza kukubali hata ukichelewa zaidi, kwa sababu uso una damu nyingi na hupona upesi, lakini mguu uliokatwa na bati jana asubuhi huenda wakakataa kuushona kabisa, wakauacha upone wazi wiki nzima na zaidi, na wewe urudi kusafisha kila mara. Umekimbia foleni moja, umezipata tano.

Fungu la tatu linabaki nyumbani: michubuko, mkato mwembamba uliojifunga wenyewe, nundu ya kichwa kwa mtoto aliyelia papo hapo kisha akarudi kucheza. Huyo wa nundu mwangalie saa 24. Anaweza kulala, usimkatalie. Ila mwamshe mara moja au mbili usiku uone kama anakutambua na anajibu.

Ukisita kati ya fungu na fungu, piga picha ya kidonda kwenye mwanga, weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, mtumie muuguzi unayemfahamu kwa WhatsApp. Picha haitibu, lakini inatosha mtu mzoefu kusema "huyo mlete" au "huyo funga tu". Kichwa na mbwa usiviulizie kwa picha.

Majeraha manne ya huku kwetu

*Nyungu.* Mwaka 2020 na 2021 nusu ya mtaa ilikuwa inajifukiza. Sufuria la maji yanayochemka, blanketi juu, giza ndani, na mtoto anayetaka kuona mama anafanya nini. Maoni yangu ni kwamba mtoto asifukizwe na asikae chumba kimoja na nyungu: mvuke hauui kirusi, lakini maji hayo yanambabua ngozi kwa sekunde chache. Akiungua, mvue nguo zilizoloa, isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi. Poza kwa maji ya kawaida dakika 20, barafu hapana. Maji ni haba? Tumia beseni, badilisha yakipata joto. Hata kama umechelewa, ndani ya saa 3 kupoza bado kunasaidia. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi au nailoni safi, umpeleke. Malengelenge usiyatumbue, na yai usimpake, libaki jikoni.

*Korosho.* Ganda la korosho lina mafuta makali, na watoto wanapochoma korosho kwenye bati mafuta hayo yanaruka yakiwa ya moto, kwa hiyo mtoto anapata mambo mawili kwa pamoja: kuungua na kubabuliwa na sumu ya mafuta. Maji matupu hayayaondoi. Tumia sabuni nyingi na maji ya baridi, vua nguo iliyodondokewa, na wewe mwenyewe vaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi. Mzuie asijifute macho. Malengelenge yanaweza kuchelewa, ukadhani yamekwisha kumbe yanaanza, kwa hiyo ukifika kituoni taja neno lenyewe: "ni mafuta ya korosho". Mtabibu aliyetoka mkoa mwingine huenda hajawahi kuyaona.

*Mbwa.* Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona, na hii ndiyo sababu sikubali kisingizio chochote cha mlipuko hapa. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda. Chanjo ni ya dozi kadhaa kwa siku walizopanga, ya kwanza leo. Si kila zahanati inayo. Mara nyingi inahifadhiwa hospitali ya wilaya, kwa hiyo piga simu kwanza uulize iko wapi ili usizunguke vituo vitatu na mtoto mgongoni. Mbwa akijulikana, mwambieni mtendaji na afisa mifugo, afungwe aangaliwe siku 10, lakini mtoto haanzi kusubiri siku hizo. Anaanza chanjo, mbwa akibaki mzima daktari ndiye atakayesema isimamishwe.

*Mkono wa mtoto aliyeanguka mkoroshoni.* Uweke kwenye banzi jinsi ulivyo, usiunyooshe. Kipande cha boksi gumu kilichokunjwa, kitambaa laini ndani, funga juu na chini ya sehemu inayouma, kisha kanga shingoni kuubeba. Angalia vidole: vikiwa baridi, vimebadilika rangi au maumivu yanazidi, legeza. Najua wengi tunaanzia kwa fundi wa mifupa, na corona ilitupa sababu nyingine ya kwenda huko. Heshima zake anazo, ila picha ya mfupa (eksirei) ipigwe kwanza. Mtoto aliyefungwa vijiti kwa kukaza kupita kiasi anaweza kupoteza mkono ambao P.O.P (plasta ngumu) ya wiki chache ingeuponya.

Tatu: chagua mlango mdogo

Kosa la kawaida wakati wa mlipuko ni kukimbilia hospitali kubwa kwa sababu ndiyo tunayoiamini. Lakini hospitali kubwa ndiko wanakopelekwa waliozidiwa. Kidevu kilichopasuka kinahitaji muuguzi, uzi, ganzi na mwanga, na hivyo vyote vinaweza kupatikana kwenye zahanati au kituo cha afya chenye watu wachache.

Zahanati za serikali kwa kawaida zinafanya kazi kuanzia asubuhi hadi alasiri. Usiku na sikukuu nenda kituo cha afya. Ikihitajika picha ya mfupa, hapo ndipo hospitali. Mtwara mjini kuna Ligula, ambayo ni ya rufaa ya mkoa, na kule Mitengo kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Lindi mjini kuna Sokoine. Masasi wana Mkomaindo, Kilwa wana Kinyonga pale Kivinje, na kwenye barabara ya kwenda Masasi kuna hospitali za misheni za Nyangao na Ndanda, ambazo hata watu wa mbali huzifuata. Misheni jiandae kulipia.

Kabla ya kutoka, piga simu. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure na ndiyo iliyotumika kuuliza habari za Uviko-19. Bora zaidi uwe na namba ya mganga mfawidhi, yaani mkuu, wa zahanati yako. Kama huna, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayo, mwombe leo kabla hujaihitaji. Mganga huyo muulize mambo matatu. Chumba cha vidonda kinafanya kazi? Uzi, ganzi na sindano ya pepopunda vipo? Wasio na kikohozi wanapitia wapi? Dakika mbili za simu zinakuokoa benchi la saa mbili.

Jeraha likiweza kusubiri kidogo, epuka Jumatatu asubuhi na siku ya kliniki ya watoto, kunakuwa na msongamano. Muda mzuri ni mchana, foleni ikishapungua, mradi usipitishe zile saa za kushona.

Nne: mfuko na mtu wa kwenda naye

Mtu mzima mmoja, mwenye afya. Bibi abaki, hata akisema yeye ndiye anayejua kumbembeleza, maana ugonjwa wa namna hii huwaumiza wazee kuliko watoto. Kama nyumbani kuna mgonjwa anayekohoa, aliyekuwa anamuuguza asiwe ndiye wa kwenda.

Beba kadi ya kliniki, hata kama mtoto yuko darasa la tatu. Kadi ya bima kama ipo, iwe NHIF au CHF. Daftari la matibabu. Kalamu yako mwenyewe. Maji ya kunywa na kikombe chake. Kanga mbili, moja ya kukalia na moja ya kufunika. Fedha taslimu za chenji. Ongeza shashi pakiti moja na glovu kutoka duka la dawa. Sera ya afya inasema mtoto chini ya miaka 5 anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, na uidai haki hiyo kwa upole, lakini shashi ikiwa imeisha kituoni, haki haifungi kidonda.

Barakoa: wewe vaa. Mtoto chini ya miaka 2 asivae kamwe. Chini ya 5 usimlazimishe. Mtoto yeyote anayetapika, aliyelegea, au mwenye jeraha usoni, usimfunike pua na mdomo.

Kama aliyemjeruhi ni pikipiki, au kapigwa na mtu, utaulizwa PF3, fomu ya matibabu ambayo hutolewa polisi bila malipo. Jeraha kubwa lianze kutibiwa. Ndugu mwingine aende kituo cha polisi wakati huo.

Njiani, bajaji yenye upepo pande zote ni bora kuliko daladala iliyofungwa madirisha. Bodaboda ni ya karibu tu, na kamwe si kwa aliyeumia kichwa au shingo.

Tano: getini

Nawa, pimwa joto, sema ukweli kwa maneno machache:

"Habari za kazi, sista. Mtoto kakatwa na bati mguuni saa tatu asubuhi. Tumeosha, damu imekoma. Hana homa, hana kikohozi, nyumbani hakuna mgonjwa."

"Haya mama, kaa nje pale chini ya mwembe, nitakuita."

Na ukae nje kweli. Hewa ya wazi ndiyo kinga kubwa kuliko zote utakazopewa siku hiyo. Mpe mtu wa mapokezi namba yako ya simu, au mwombe jirani wa foleni akuite, usiingie kubanana kwenye korido kwa kuogopa kurukwa.

Mtoto akiwa na homa au kikohozi pamoja na kidonda, liseme kabla ya kuingia. Watu huficha wakiogopa kufukuzwa. Ukisema, utapelekwa upande mwingine na kidonda kitashonwa hukohuko. Ukificha, utakaa na mtoto wa mwenzio benchi moja, na mtoto wako akigundulika ndani kila kitu kinasimama.

Sita: ndani

Mpakate mtoto, mikono yake ndani ya yako, uso wake kwako. Usimdanganye kwamba sindano haiumi. Mwambie itauma kidogo kisha nyama italala. Mtoto aliyedanganywa leo atapigana kesho wakati wa kusafisha.

Toa kadi ya kliniki. Chanjo ya pepopunda imo ndani ya ile ya wiki ya 6, 10 na 14. Aliyezimaliza zote na bado ni mdogo mara nyingi hahitaji nyingine. Miaka 5 ikishapita tangu dozi ya mwisho na kidonda ni kichafu, au chanjo hazikukamilika, anaongezewa. Wakati wa msukosuko muuguzi anaweza kusahau kuuliza, kwa hiyo uliza wewe.

Kabla ya kuondoka pata majibu haya, na yaandikwe kwenye daftari: uzi ni wa kutolewa au unayeyuka wenyewe? Unatolewa lini? Naweza kubadilisha shashi nyumbani badala ya kurudi kila siku? Swali hili la mwisho ndilo linalopunguza safari zako, na kwa kidonda kisafi mara nyingi jibu ni ndiyo. Dawa ya kuua vijidudu (antibayotiki) usiing'ang'anie kama hawakuiandika.

Saba: kurudi nyumbani

Nguo zifuliwe, mikono ioshwe, mtoto aogeshwe bila kulowesha kidonda. Maumivu yapewe dawa ya maji ya parasetamo kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12, kwa chupa iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, anapata mililita 5 hadi 7.5. Soma chupa, maana nguvu zinatofautiana. Asipirini usimpe mtoto, hasa wakati virusi vimetapakaa, kwa sababu inaweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo. Vidonge vya diklofenaki vya baba navyo vibaki kwa baba.

Homa ikija siku ya pili au ya tatu, usikurupuke kuita ni ule ugonjwa. Fungua kidonda kwanza. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Weka mgongo wa mkono usikie joto, tazama uvimbe unaotambaa, usaha, harufu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Ukiyakuta, rudi siku hiyohiyo. Kidonda kikiwa kimetulia na mtoto anakohoa, piga simu kituoni au 199 kabla ya kumbeba, ili wakuelekeze mlango.

Uzi usoni hutolewa karibu siku ya 5, kichwani siku ya 7, mikononi kati ya 7 na 10, miguuni, gotini na kwenye kiwiko kati ya 10 na 14. Si lazima urudi pale uliposhonewa: zahanati iliyo karibu nawe inautoa kwa dakika chache, ukifika na lile daftari.